Beni: kijana aliyekimbia Goma anaichafua ndege ili ifanane na ile ya baba yake

Ni saa kumi na mbili jioni katika nyumba moja ya kuchaji simu, ndani ya komini ya Mulekera, mjini Beni. Kijana wa miaka 21 ameinama mbele ya kompyuta anaipaka ndege masizi. Ndege yenyewe iko kwenye kioo tu. Ni nyeupe, ina mabawa juu ya mwili na injini mbili. Nyuma yake wamesimama watu sita au saba wanaongoja simu zao zijae. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni anashindwa kunyamaza.

«Ilikuwa inapendeza, sasa mbona unaichafua?»

«Ndivyo ilivyokuwa, mama», anajibu kijana bila kugeuka.

Kijana huyo alifika Beni mwezi wa pili wa mwaka 2025 pamoja na wazazi wake na wadogo zake watatu. Walitoka Goma baada ya mapigano ya mwisho wa Januari, wakapitia Rwanda na Uganda, kisha wakaingia tena Kongo kwa mpaka wa Kasindi. Mjomba aliwapokea katika nyumba yake ya vyumba viwili, na wote pamoja wakawa watu kumi na wanne. Vitu walivyobeba vilikuwa vichache: nguo, sufuria mbili, vyeti vya shule, na kompyuta ya mkononi iliyofungwa katikati ya blanketi.

Kompyuta hiyo ilileta maneno tangu siku ya kwanza. Mama alikuwa ameacha mashine yake ya kushona Goma kwa sababu ni nzito, na alipofungua mzigo akakuta mtoto wake amebeba mchezo.

Mchezo wenyewe ni ule wa kurusha ndege. Uko wa aina nyingi duniani, na mwingine unauzwa kwa bei kubwa. Kijana anatumia ule unaoitwa FlightGear kwa sababu hautozwi pesa. Umetengenezwa na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali, na mtu yeyote ana ruhusa ya kuuchukua na kuubadilisha. Yeye hajali sana kuruka. Kinachompendeza ni kuzivika ndege ngozi.

Kazi hiyo inaeleweka ukimfikiria mshonaji. Ndege ya mchezo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni umbo, yaani mwili, mabawa, mkia na magurudumu. Ya pili ni picha inayolifunika umbo hilo, na wachezaji wenyewe wanaiita ngozi. Ukiitandaza haifanani na ndege hata kidogo. Utaona ubavu wa kushoto huku, ubavu wa kulia kule, tumbo peke yake, na mabawa yamelazwa pembeni kama mikono ya shati kabla haijashonwa. Mchoraji anapaka rangi vile vipande vilivyotawanyika, kisha kompyuta inavishona juu ya umbo. Akikosea kidogo tu, mstari unaotoka mlangoni hautakutana na mstari wa mkiani.

Programu anayochoria inaitwa GIMP, nayo pia ni ya bure. Kila picha ina pande sawa, na kipimo chake ni cha namba maalumu kama 1024, 2048 au 4096. Kompyuta yake ni ya zamani, kwa hiyo anatumia 2048. Akizidisha hapo, ndege inatembea kwa kushtuka-shtuka.

Anachora kwa tabaka, moja juu ya nyingine. Chini kabisa ni rangi ya ndege. Hapo anaonya kwamba nyeupe isiwe nyeupe kabisa, maana jua la mchezo likiipiga inang'aa mpaka huoni kitu. Afadhali kuichanganya na kijivu kidogo. Tabaka ya pili ni mistari ya mahali bati moja linapokutana na lingine, pamoja na vichwa vya ribiti. Vyote vichorwe kwa rangi hafifu inayopitisha mwanga, maana ukivichora kwa nyeusi kali ndege itaonekana kama daftari la hesabu. Juu ya hayo kuna maandishi na namba ya ndege. Ndege za Kongo zina alama inayoanza kwa 9Q au 9S. Mwisho kabisa ni uchafu.

Ndege aliyoichagua ni Let 410. Wakaaji wa Kivu wanaifahamu vizuri. Ilitengenezwa Czechoslovakia, na leo bado inaundwa katika Jamhuri ya Czech. Inachukua abiria wasiozidi 19, nayo inatua kwenye viwanja vifupi vya udongo ambako ndege kubwa haziwezi kukanyaga. Aliipata kama umbo tupu, akataka kuipa sura ya moja ya zile alizoziona utotoni zikipita juu ya paa la nyumba yao karibu na uwanja wa ndege wa Goma.

Watoto wa mitaa ile walikua na ndege kama watoto wa pwani wanavyokua na mitumbwi. Ikumbukwe kwamba tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na lava ikafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia. Kwa miaka mingi ndege zilitua kwenye kipande kilichobaki, na pembeni ya ile lava iliyoganda zilikuwepo ndege mbovu zilizoachwa na wenyewe. Watoto walizipanda, wakakaa kwenye viti vya rubani visivyo na mito.

Jaribio lake la kwanza lilimletea aibu. Aliandika namba ya ndege kwa uangalifu upande wa kushoto, akaigeuza ndege, na upande wa kulia akakuta herufi zote zimepinduka kama maandishi kwenye kioo cha kinyozi. Watoto wa mjomba walicheka mpaka wakalala chini. Kosa halikuwa lake. Mtengenezaji wa lile umbo alikuwa ametumia picha moja kwa mbavu zote mbili ili kupunguza uzito. Ilimbidi atafute toleo lingine la umbo, lenye ubavu wa kushoto na wa kulia mbalimbali. Kulipakua kulimaliza mega zake zote za wiki.

Jaribio la pili lilimridhisha. Ndege iling'aa, na mistari yote ilikutana. Akamwita baba yake atazame.

Hapa inafaa kumweleza baba huyo. Alianza kazi ya kupakia mizigo kwenye uwanja wa Goma mwaka 1999. Kwa zaidi ya miaka 25 alibeba mifuko ya maharagwe, mapipa ya mafuta, magodoro, dawa za hospitali, na mara nyingine majeneza. Mwisho wa Januari 2025 uwanja ulifungwa, na kazi ikaishia hapo. Kule Beni alikuwa anakaa mlangoni kuanzia asubuhi mpaka jioni. Akisalimiwa, anaitika. Akipewa chakula, anakula. Mama anasema kwamba kwa miezi mitatu hakumsikia akisimulia jambo lolote.

Mzee alikaribia, akaiangalia ile ndege kwa muda.

«Hii si ndege», alisema. «Hii ni sahani.»

Kijana alinyamaza. Mzee akaweka kidole juu ya kioo, kwenye injini.

«Na moshi umeuweka wapi?»

Kijana alikuwa amepaka masizi kidogo nyuma ya injini, kama alivyoona kwenye picha za ndege kubwa za jeti. Baba yake akatikisa kichwa. Injini ya Let, alisema, inatolea moshi mbele, karibu na yale mapanga yanayozunguka. Bomba linatokeza huku na huku kama masikio, na masizi yanaanzia hapo, yanafuata ubavu wa injini mpaka nyuma na kufika chini ya bawa. Kila aliyewahi kupita pale na shati jeupe anajua.

Siku iliyofuata mzee hakukaa mlangoni. Alimfuata kijana kwenye nyumba ya kuchaji simu, akaomba kiti.

Inafaa kujua kwamba kijana hakuwa na picha za kutosha. Kupiga picha kwenye viwanja vya ndege nchini ni jambo linaloweza kumfikisha mtu kwa askari, na simu ya zamani iliyokuwa na picha chache za familia ilipotea njiani. Kilichobaki ni kumbukumbu ya mtu aliyekuwa anaigusa ndege kwa mikono yake.

Na mzee alikumbuka mengi. Alikumbuka kizingiti cha mlango wa nyuma, ambako rangi ilikuwa imekwisha na bati likawa linang'aa, kwa sababu magunia yaliburutwa hapo kila siku. Mbavu zilizobaki hazikuwa na mkwaruzo kama huo, kwa hiyo mkwaruzo uwe hapo tu. Alikumbuka alama za mikono pembeni ya mlango, kwa urefu wa bega la mtu, mahali ambapo kila mpakiaji hushika kabla ya kuruka chini. Alikumbuka kipande cha bati kilichobandikwa karibu na mkia, chenye rangi iliyokaribia ya ndege bila kufanana nayo, na ribiti zake mpya kuliko nyingine.

Walibishana juu ya vumbi. Kijana alikuwa amepaka vumbi jekundu kwenye magurudumu na tumbo lote, kwa sababu picha nyingi alizoziona za ndege za Afrika zina vumbi jekundu. Mzee alimuuliza kama amesahau alikozaliwa. Udongo wa Goma ni mweusi, unatokana na lava, na vumbi lake ni la kijivu kama majivu ya jiko. Wekundu upo pia, alisema, ila uko mahali pake. Katika miaka ya 2000 ndege ndogo zilikuwa zinakwenda Kilambo, kule Walikale, kuchukua madini ya kasiterite. Hapakuwa na uwanja. Zilitua juu ya barabara, magari yakisimamishwa kwanza. Ndege ikirudi na matope, matope yale yalikuwa nyuma ya magurudumu, yamerushwa juu kuelekea mkiani, yamekauka.

«Kwa hiyo nyeusi chini, nyekundu nyuma?» aliuliza kijana.

«Nyeusi kwanza. Nyekundu juu yake. Ndivyo safari ilivyokuwa.»

Kijana anasema hapo ndipo alipoielewa kazi yake. Kabla ya hapo alidhani kwamba ndege ya kweli ni ile yenye uchafu mwingi, kwa hiyo alimwaga uchafu kila mahali. Sasa anajua kwamba kila doa lina sababu yake. Mafuta yanateleza kurudi nyuma kwa sababu upepo unatoka mbele. Rangi inaisha pale mtu anaposhika au anapokanyaga. Jua linafifisha rangi ya juu kuliko ya chini. Akiona doa, anajiuliza nani aliliweka. Akikosa jibu, analifuta.

Watu wa Goma walio Beni walianza kupita jioni kuangalia. Mmoja aliyewahi kuuza mafuta ya ndege alisahihisha alama za viatu juu ya bawa. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mikate nje ya lango la mizigo alicheka alipoona zile alama za mikono, akasema hayo mafuta yalitoka kwenye mikate yake.

Lakini mikate hailiwi kwenye kioo. Mama wa kijana alikuwa anaamka saa tisa usiku kukaanga mandazi ya kuuza, na faida yake ilikuwa inaishia kwenye unga wa kesho. Nyumba ya mjomba ilikuwa imejaa mno, na maneno madogo-madogo yalianza kati ya wenyeji na wageni, kama yanavyoanza popote watu kumi na wanne wanapogombania choo kimoja. Ilipatikana nyumba ndogo ya kupanga kwa dola 20 kwa mwezi, na mwenye nyumba alitaka garanti ya miezi mitatu. Mtu mmoja alikuwa tayari kuinunua kompyuta kwa dola 80.

Mama alisema wazi mbele ya wote: «Mwanangu, sijasema kazi yako ni mbaya. Nimesema tunalala kama samaki ndani ya kikapu.»

Kijana aliomba mwezi mmoja amalize. Mzee, ambaye kwa kawaida haingilii mambo ya pesa, alisema: «Muache amalize.» Mama alikubali bila furaha.

Ndani ya mwezi huo ndipo lilipokuja lile ombi. Kijana mwenzake wa mchezo, anayeishi Kampala, alikuwa ameona picha za ile Let akazisifu sana. Akamwandikia kwamba sasa atengeneze ile DC-9 iliyoanguka Goma mwaka 2008. Alisema wengi wangeitaka, na yeye mwenyewe yuko tayari kulipa kidogo.

Wakaaji wa Goma hawahitaji kuelezwa. Tarehe 15 Aprili 2008, ndege hiyo ya abiria ilikuwa inaondoka kuelekea Kisangani. Haikuinuka. Ilipitiliza mwisho wa njia na kuingia katika mtaa wa Birere, kati ya nyumba na maduka, saa za mchana watu wakiwa sokoni. Walikufa abiria, na walikufa watu waliokuwa wanauza na kununua. Kijana wakati huo alikuwa na miaka minne. Mdogo wa mama yake, ambaye angekuwa anamwita mama mdogo, alikuwa na meza ya vitenge pale.

Kijana alianza kuichora. Hakumwambia mtu. Mpangilio wa rangi aliupata kwenye picha za zamani, na mistari ilikuwa rahisi kuliko ya Let. Alipofika kwenye tabaka ya uchafu alimuuliza baba yake masizi ya DC-9 yanakaa wapi, kwa kuwa injini zake ziko nyuma, karibu na mkia. Mzee alimwangalia. Akamwambia: «Kamuulize mama yako kwanza.»

Alimkuta mama anachekecha unga. Alimweleza yote, hata ile pesa. Hakukasirika. Aliuliza swali moja tu, huku mikono yake ikiendelea na kazi.

«Na ukiimaliza, hao wenye kucheza wataiangusha mara ngapi?»

Kijana hakuwa na jibu, kwa sababu jibu alilijua. Wako wachezaji wanaorusha ndege kwa heshima kama marubani wa kweli. Wako pia wanaoiangusha makusudi ili wacheke. Ukishaitoa ngozi, huwezi kuwachagulia watu watakachoifanyia. Kwenye Let alikuwa ameomba ushauri wa kila aliyeifahamu. Kwa hii, wenye haki ya kuulizwa walikuwa wengi, na wengine hawapo tena.

Usiku ule aliifuta faili. Kwa yule wa Kampala aliandika kwamba hataweza, na kwamba katika familia yao yuko mtu aliyekuwa Birere siku ile. Mwenzake aliomba samahani, na hakurudia tena.

Let ilimalizika siku mbili kabla ya mwezi kwisha. Kijana aliinakili kwenye fulashi mbili, moja akampa mwenye nyumba ya kuchaji simu aitunze, kisha akaitoa kwa wachezaji wote bila malipo. Namba aliyoiandika ubavuni ni ya kubuni, ili isidaiwe kuwa ya kampuni yoyote. Kesho yake kompyuta iliuzwa. Garanti ililipwa, na dola 20 zilizobaki mama alinunulia unga na mafuta. Sasa familia inaishi watu sita katika nyumba yake, na mama analala hadi saa kumi.

Kijana hakubaki bila kazi. Mwenye nyumba ya kuchaji simu ana kompyuta ya kuchapisha barua na kunakili nyimbo. Mchana kijana anawahudumia wateja, na baada ya kufunga anaruhusiwa kuitumia kwa saa mbili. Vijana wawili wengine, mmoja wa Masisi na mmoja mwenyeji wa Beni, wanakuja kujifunza. Anawaanzisha kwa zoezi la kuchora mlango mmoja. Kabla ya kupaka rangi wanapaswa kwenda kumuuliza mtu anayefungua mlango kama huo kila siku anaushika wapi.

Mzee anaendelea kuja. Mara anapata kazi ya kupakia magari ya mbao, mara hapati. Jioni moja kijana alifungua mchezo akaiweka ile Let mwanzoni mwa njia ya Goma, maana ndani ya mchezo uwanja uko wazi. Baba yake alivuta kiti, akaomba ageuziwe upande wa kaskazini aione Nyiragongo. Aliitazama, kisha akarudi kwenye ndege.

«Inakwenda wapi?»

«Kilambo, Papa.»

«Umepakia kilo ngapi?»

Kijana alifungua sehemu ya mchezo inayoonyesha uzito. «Elfu moja na mia tano.»

Mzee alihesabu kimya, kwa magunia ya kilo hamsini.

«Toa manne», alisema. «Kule si uwanja, ni barabara.»